Kasongo: taa za barabara kubwa na historia yake

Wakati wa Tippu Tip, Kasongo ilikuwa mji mkubwa wa biashara. Pembe za ndovu na watumwa walipelekwa pwani, hadi Unguja. Huko, Sultani Barghash alijenga Beit-el-Ajaib mwaka 1883, jumba la kwanza la Unguja kupata umeme. Mali ya Maniema ilikwenda, lakini mwangaza haukurudi Kasongo.

Mwaka 1893 jeshi la Dhanis liliuteka mji. Wabelgiji wakaja na umeme wao, lakini maporomoko ya Lutshurukuru yalitumiwa kuendesha migodi ya bati ya Kalima. Nyaya zilifuata madini, hazikufuata watu.

Kwa hiyo mji unaotaka kuangaza barabara kubwa bila nyaya hizo una njia mbili. Jenereta moja huwasha taa nyingi, lakini inakula mafuta kila usiku, na lori likikwama kwenye matope, barabara yote inazimika. Taa ya jua ina betri yake: moja ikifa, nyingine zinawaka. Lakini betri huchoka baada ya miaka michache. Pesa ya kuibadilisha isipowekwa tangu mwanzo, nguzo inabaki pambo.

Mama anayefunga meza yake sokoni jioni, na familia inayoingia usiku ikikimbia vita vya Kabambare, hawahesabu nguzo. Wanahesabu taa zinazowaka.