Babu Alikuwa Askari au Mpagazi?

Wazee wengi waliotoka Fizi, Uvira na Kalemie wanayo habari ya babu aliyekwenda vita ya Wadachi. Vijana wakiulizwa kama babu huyo alishika bunduki au alibeba mizigo, wananyamaza. Nasi tukinyamaza, watoto waliozaliwa hapa kambini hawatakuwa na wa kumuuliza.

Jeshi la Wabelgiji katika Kongo liliitwa Force Publique. Mwanzoni lilikodi watu wa Zanzibar na wa Afrika Magharibi. Mwaka 1891 serikali ya Mfalme Leopold wa Pili ikaleta uandikishaji wa lazima: kila wilaya ilipangiwa idadi ya vijana, na machifu wakaamriwa kuwatoa. Utumishi ulikuwa wa miaka 7. Sasa chifu gani angemtoa mwanawe wa kumzaa? Mara nyingi walitolewa watumwa, wanyonge, na wale waliokosana na mkubwa. Baada ya maasi ya askari ya 1895 na 1897, wakubwa wa jeshi walichanganya makabila katika vikosi na kuwapeleka watu mbali na kwao. Kwa hiyo anayemtafuta babu yake asidhani kwamba alitumikia karibu na kijiji chake.

Mwaka 1916 jeshi hilo, chini ya Jenerali Tombeur, liliingia nchi ya Wadachi kwa kupitia Rwanda na Burundi. Kigoma ilitekwa mwezi Julai, Tabora tarehe 19 Septemba. Yaani wako babu zetu waliokanyaga mkoa huu miaka 80 kabla yetu sisi tuliovuka ziwa mwaka 1996, nao pia hawakuja kwa hiari.

Nyuma ya askari walitembea wapagazi, nao wakikamatwa kwa nguvu, wakiwa na chakula na risasi kichwani. Kuhara, baridi ya milimani na njaa viliua wengi kuliko risasi. Hapo ndipo ilipo shida ya kuwatafuta. Askari alipewa namba na kuandikwa katika daftari la jeshi. Mpagazi mara nyingi alihesabiwa tu, kama mzigo aliobeba. Hata upande wa Waingereza, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka 2021 kwamba Waafrika wengi mno waliokufa katika vita hiyo hawakuandikwa majina popote.

Anayetaka kuanza, aanze kwa mzee wake. Amuulize jina la chifu aliyemtoa babu, kambi aliyofundishwa, namba yake, na jina alilotumia jeshini, maana huenda si lile la nyumbani. Karani Mbelgiji aliandika alivyosikia, kwa herufi za Kifaransa: "ch" yetu ikawa "tsh", "u" ikawa "ou". Jina moja litafutwe kwa namna zote hizo.

Nyaraka za Force Publique zimehifadhiwa Brussels, na barua ya kuuliza ni vizuri iandikwe kwa Kifaransa. Tunawaomba wafanyakazi wa mashirika wanaokijua wawasaidie wazee kuiandika. Kama kitabu cha jeshi bado kipo nyumbani, ndugu aliyebaki huko anakili namba tu. Kitabu chenyewe kisitumwe njiani.