Kurudi kwenye nywele za asili

Kurudi kwenye nywele za asili ni kuacha kutumia dawa ya kulainisha nywele, kukata sehemu iliyokwisha kutiwa dawa, na kujifunza kutunza nywele za kipilipili zinazoota badala yake. Katika Mwanza na mwambao wa Ziwa Viktoria upande wa Tanzania, kama kwingineko nchini, kemikali hiyo huitwa "dawa" tu, au rilaksa.

Neno "kurudi" halielezi vizuri hali ya wengi. Shule nyingi za serikali nchini Tanzania huwataka wasichana wawe na nywele fupi, tangu shule ya msingi hadi sekondari. Wengi huziacha zikue baada ya mtihani wa kidato cha nne, na mara nyingi dawa hufuata muda si mrefu. Kwa hiyo mwanamke wa miaka 30 anaweza kuwa hajawahi kuchana nywele zake mwenyewe zikiwa ndefu na bila dawa. Anapokata, anazikuta kwa mara ya kwanza.

Jinsi dawa inavyofanya kazi

Unywele umejengwa hasa kwa protini iitwayo keratini. Nyuzi za protini hiyo zimeshikanishwa na vifungo vya sulfuri, ambavyo husaidia unywele kubaki na umbo lake. Rilaksa ni alkali kali yenye pH ya 12 hadi 14. Aina nyingi hutumia hidroksidi ya sodiamu, ile ile kostiki ya watengeneza sabuni. Nyingine, zinazotangazwa kuwa hazina kostiki, hutumia hidroksidi ya guanidini. Hizo nazo ni alkali kali na zinaweza kuunguza ngozi ya kichwa. Alkali huvunja vifungo vya sulfuri na unywele hunyooka.

Badiliko hilo ni la kudumu. Unywele ulio nje ya ngozi hauna uhai, hivyo hakuna mafuta wala mvuke wa saluni unaoweza kuurudishia mkunjo. Mzizi ulio ndani ya ngozi huendelea kuotesha unywele wa kipilipili kama kawaida, na hiyo ndiyo sababu wanaotumia dawa hulazimika kuritachi kila baada ya wiki kadhaa.

Kukata

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kukata nywele zote za dawa siku moja na kubaki na kiasi kidogo kilichoota. Ya pili ni kuacha kuritachi, kusubiri miezi 6 hadi 12 au zaidi, na kupunguza ncha kidogo kidogo. Njia ya pili huonekana rahisi kwa macho, lakini ina tabu yake: mahali nywele mpya inapokutana na ya dawa ni dhaifu, na hapo ndipo nywele hukatika wakati wa kuchana au kusuka.

Nywele za kichwani hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, na za kipilipili mara nyingi pungufu kidogo ya hapo. Aidha hujikunja, hata nywele ya sentimita 15 ikivutwa huweza kuonekana kama ya sentimita 5 ikiachwa. Wengi hudhani nywele zao zimegoma kukua, kumbe zimejikunja tu.

Miezi ya kwanza ina ugumu mwingine usiohusu chanuo. Katika jamii kadhaa za ukanda wa ziwa, wakiwemo Wasukuma na Wajaluo, kunyoa kichwa ni sehemu ya desturi za msiba. Mwanamke mtu mzima anayeonekana ghafla na nywele fupi anaweza kupewa pole sokoni, kuulizwa kama anaumwa, au kutaniwa kwamba amerudi shule. Baadhi hufunika kichwa kwa kitambaa au wigi hadi nywele zishike msuko.

Utunzaji

Nywele za singa hupata mafuta kutoka ngozi ya kichwa kwa urahisi, kwa kuwa mafuta huteremka juu ya unywele ulionyooka. Katika unywele uliojikunja hayafiki mbali, na ncha hukauka. Ukavu huo huzidi wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Septemba. Kwa hiyo maji huja kwanza na mafuta baadaye: nywele huloweshwa, kisha hupakwa mafuta ili unyevu usitoke upesi. Kupaka mafuta mengi juu ya nywele kavu hakusaidii sana. Mafuta ya nazi hutoka pwani. Mnyonyo, unaotoa mafuta mazito, huota wenyewe pembezoni mwa mashamba ya kanda ya ziwa.

Kuchana kufanyike nywele zikiwa na maji na kondishna, kwa chanuo lenye meno mapana, kuanzia ncha kuelekea kwenye mzizi. Atakayeanzia kwenye mzizi atazikata.

Mbinu ya zamani ya nywele za uzi, ambayo kina bibi wengi bado wanaijua, inafaa sana kipindi hiki. Mafungu ya nywele huzungushiwa uzi mweusi na kunyooka bila moto wala kemikali. Mabutu na twende kilioni huwezekana nywele zikifika sentimita chache. Rasta nzito zinapaswa kusubiri. Msuko unaouma, au unaoleta vipele kwenye paji la uso, umekazwa kupita kiasi, na ukirudiwarudiwa huondoa nywele za pembeni.

Kuosha nywele ziwani, desturi ya vijiji vingi vya mwambao na visiwa kama Ukerewe, kuna hatari ya kichocho. Vimelea vyake hupenya ngozi iliyo ndani ya maji. Ni afadhali kutumia maji ya bomba, au ya ziwa yaliyochemshwa.

Historia

Kabla ya rilaksa, nywele zilinyooshwa kwa kitana cha chuma kilichopashwa moto kwenye jiko la mkaa. Nchini Marekani, George E. Johnson alianzisha kampuni mjini Chicago mwaka 1954, na bidhaa yake ya kwanza ilikuwa rilaksa ya wanaume.

Nchini Tanzania nywele za wanawake zimewahi kuwa suala la siasa. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza Januari 1969 dhidi ya sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na vipodozi vya kujichubua. Nusu karne baadaye hoja ilikuwa mapato: bajeti ya 2019/20 iliweka ushuru wa asilimia 25 kwa mawigi na nywele bandia kutoka nje, na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini.

Afya

Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Waliotumia bidhaa za kunyoosha nywele zaidi ya mara 4 katika mwaka uliotangulia utafiti walikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kupata saratani ya mji wa mimba kuliko wasiotumia. Kwa makadirio, 4.05% wangeupata ugonjwa huo kufikia umri wa miaka 70, dhidi ya 1.64%. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo, wala haukukusanya majina ya bidhaa.

Kuacha dawa hakuponyi kila kitu. Pale ambapo majeraha ya kuungua au misuko ya kubana yameacha kovu, mzizi umekufa na nywele hazioti tena. Dalili zake ni ngozi laini inayong'aa, isiyo na vitundu vya vinyweleo. Upara unaopanuka kutoka utosini, au unaoambatana na maumivu na muwasho, unahitaji daktari wa ngozi mapema, kwa kuwa tiba huweza kuokoa mizizi iliyobaki tu. Mkoani Mwanza wagonjwa wa namna hiyo huweza kupewa rufaa kwenda Hospitali ya Bugando.