Kujituliza: istilahi inayoanzia mapajani

Miaka michache iliyopita nilipewa kazi ya kufasiri kipeperushi cha walimu wa chekechea. Kilieleza jinsi kuchora, kufinyanga na kupaka rangi kunavyomsaidia mtoto aliyepandwa na hofu au hasira. Kurasa zote zilizunguka istilahi moja ya Kiingereza, self-regulation, nami kila ilipotokea niliandika "udhibiti wa hisia". Ndivyo nilivyoikuta kwenye vitabu vya ushauri nasaha, na sikuitilia shaka. Siku ya kukijaribu kipeperushi, mwalimu mmoja mtu mzima, aliyelea madarasa ya wadogo kwa miaka mingi, alikisoma hadi mwisho, akavua miwani, akaniuliza: "Sasa mwanangu, huyu mtoto tunamdhibiti au tunamtuliza?"

Sikuwa na la kumjibu. Makala haya ndiyo jibu langu, ingawa limechelewa.

Neno hutembea na wenzake, na ukitaka kulijua tazama linaongozana na nani. Tanzania tuna Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji. Tuna Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Tuna Tume ya Kudhibiti UKIMWI. Tunadhibiti moto, magendo, kipindupindu na mfumuko wa bei. Kinachodhibitiwa ni kitu cha hatari kilichopo nje yetu, na anayedhibiti ana mamlaka juu yake. Ukimwambia mwalimu amfundishe mtoto wa miaka mitano "kudhibiti hisia", umeshamwambia, bila kukusudia, kwamba hisia za mtoto ni maadui na kwamba mtoto mwema ni yule asiyezionyesha.

Kosa lilianzia kwenye kuchagua maana. Neno la Kiingereza, regulation, lina kazi mbili. Moja ni ya ofisi: kuweka kanuni na kusimamia. Nyingine ni ya mwili: jinsi kiumbe kinavyojirudisha katika hali yake ya kawaida. Jua likikuchoma unatoka jasho, baridi ikikupiga unatetemeka, na kwa njia hiyo joto la mwili linarudi mahali pake bila amri ya mtu. Wataalamu wa makuzi ya watoto walichukua maana hii ya pili. Wanachokizungumzia ni uwezo wa mtoto kutikiswa na hofu, hasira au hata furaha iliyopita kiasi, kisha akarudi. Sisi wafasiri tukaikamata ile ya ofisi.

Kumbe Kiswahili kilikuwa na neno tayari. Tulia ni mtoto wa tua. Mwanamke akifika nyumbani na ndoo kichwani, huitua. Ndege hutua mtini, jua hutua magharibi. Kwa hiyo aliyetulia, kwa asili ya neno lenyewe, ni aliyeweka mzigo chini. Kutoka hapo tunapata tuliza, yaani kumfanya mwingine atue. Tulizana, kufanyiana hivyo. Na jituliza, kujifanyia mwenyewe. Ngazi nzima ya makuzi ya hisia imo kwenye mnyambuliko wa kitenzi kimoja.

Nimeambiwa kwamba "kujituliza" hakutoshi, kwa sababu istilahi ya asili inamhusu pia mtoto aliyezubaa, ambaye anahitaji kuamshwa, siyo kupozwa. Hoja hiyo ina uzito, lakini haiangushi neno. Mtoto aliyekauka kwa woga, macho yamemtoka na mabega yamepanda, hajatulia, amenyamaza tu. Mzigo bado uko kichwani. Kutulia na kunyamaza ni vitu viwili, na shida kubwa ya madarasa yetu mengi ni kwamba tumevifanya kimoja.

Kuna zoezi linalopendwa sana na walimu wa watoto: chupa ya kutulia. Chukua chupa tupu, ijaze maji karibu na shingo, tia mchanga mwembamba na vipande vidogo vya karatasi za pipi zinazong'aa, kisha funga kizibo kwa gundi. Mtoto anaitikisa kwa nguvu zake zote, anaiweka chini, anaitazama hadi kila kitu kishuke. Bibi zetu waliochota maji ya mto msimu wa mvua walilijua jambo hili kabla halijaitwa zoezi. Maji yenye tope hawakuyapigia kelele. Waliyaacha mtungini, asubuhi yakawa meupe.

Mtoto naye hawezi kutulizwa kwa kelele, na sababu imo kwenye ubongo wake. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayotusaidia kusita kabla ya kutenda, huendelea kukomaa hadi mtu apite umri wa miaka 20. Wa miaka mitano hana breki za kutosha. Anaazima za mtu mzima aliye karibu naye. Mwaka 1975 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tronick, alionyesha jambo hili kwa jaribio rahisi. Mama alicheza na mtoto wake mchanga kama kawaida, kisha akaambiwa amtazame bila kubadilisha uso kwa dakika chache. Mtoto alitabasamu, akanyoosha mikono, akapiga kelele kumwita, na alipoona uso haujibu, akageuka upande. Mama hakumpiga wala kumkaripia. Uso wake tu ndio uliosita kumjibu.

Ndiyo maana amri yetu ya kila siku, "Tulia!", hushindwa mara nyingi. Inamdai mtoto atende peke yake jambo ambalo bado hujifunza kwa kutendewa. Anatulizwa kwanza, mapajani, mgongoni, kwenye mkeka wa bibi. Baadaye sana ndipo anajituliza. Ukitaka kuagiza, agiza kwa wingi: njoo tutulie.

Nilikwenda kukaa darasani kwa yule mwalimu ili nione anavyofanya. Asubuhi ile mvulana mmoja aliingia akilia kwa kwikwi, ngumi amezikunja. Mwalimu hakumuuliza kitu. Alitandika mkekani karatasi aliyoichana kwenye kalenda ya mwaka uliopita, upande mweupe juu, akaketi kando yake, akaanza kuchora miviringo mikubwa polepole, kimya. Mtoto alitazama. Kisha akashika kalamu ya rangi nyeusi, akaikandamiza hadi ikavunjika. Mwalimu akampa nyingine. Ikaja miviringo yenye hasira, karatasi ikatoboka, na baada ya muda mistari ikaanza kulegea na kupanuka. "Lete mkono," mwalimu akasema. Akauweka juu ya karatasi, akauzungushia penseli: kidole kikipanda wanavuta pumzi pamoja, kikishuka wanaitoa taratibu. Walipofika kidole cha tatu mtoto alicheka, penseli ilikuwa inamtekenya. Ndipo akasema: "Amechukua gari langu la waya." Mwalimu akamuuliza, "Ulikasirika, au ulionewa?" Mtoto akafikiri. "Nilionewa."

Yote yaliyofanyika pale yana maelezo ya kitaalamu. Pumzi inayotoka taratibu zaidi kuliko ilivyoingia hupunguza kasi ya moyo. Mwendo wa mkono unaojirudia humpa mtoto kitu kimoja cha kushikilia wakati mengine yote yanayumba. Lakini lililonigusa zaidi ni lile swali la mwisho. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichunguza ubongo wa watu wazima waliokuwa wakitazama picha za nyuso zenye hisia kali. Walipotaja hisia kwa jina, kile kiini cha ubongo kinachopiga kengele ya hatari, amigdala, kilipungua kasi. Na sisi tuna majina mengi: uchungu, unyonge, simanzi, fadhaa, jakamoyo, kihoro, kinyongo, soni, donge. Mtoto wetu wa leo tunamgawia mawili tu, hasira na huzuni, halafu tunashangaa anapigana. Kumpa mtoto neno "kuonewa" ni kumwambia kwamba lililompata linajulikana, limewapata wengine, na lina jina.

Sanaa yenyewe haihitaji duka. Pwani, mtoto aliyeketi kando ya bibi akisuka ukili, miyaa ikipishana juu na chini kwa mwendo uleule, alikuwa akijituliza bila kuambiwa. Udongo wa mfinyanzi unafanya kazi hiyohiyo, maana unapokea kofi, unabonyezwa, na haulii. Mjini usipoupata, changanya vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi na kimoja cha maji, tia manjano kidogo ikiwa unataka rangi. Ninalosisitiza ni kwamba kazi isitiwe alama. Usimsahihishie mtoto mbuzi mwenye miguu mitano, wala usiichunguze picha yake kama mpiga ramli. Rangi nyeusi inaweza kuwa tu ndiyo iliyokuwa karibu.

Hapa lazima niweke mpaka, kwa sababu kipeperushi changu kilikuwa na kosa la pili. Shughuli hizi zote niliziita "tiba ya sanaa". Hilo ni jina la taaluma. Adrian Hill, mchoraji wa Uingereza, alilazwa kwa kifua kikuu mwaka 1938, akaanza kuchora kitandani, akawavuta wagonjwa wenzake, na mwaka 1942 akaipa kazi hiyo jina lake la Kiingereza. Wakati huohuo Friedl Dicker-Brandeis, msanii Myahudi aliyefungwa na Wanazi katika geto la Terezín, aliwafundisha watoto kuchora kwa vipande vya karatasi vilivyookotwa. Aliuawa Auschwitz mwaka 1944. Kabla ya kuondolewa aliacha masanduku mawili yaliyofichwa, ndani yake michoro ya watoto ipatayo 4,500. Mwanafunzi wake wa zamani, Edith Kramer, aliyekimbilia Marekani, akawa miongoni mwa waasisi wa taaluma hiyo kwa watoto. Leo mtu huisomea kwa miaka, naye huwashughulikia walioumia kweli.

Mwalimu wa chekechea hafanyi hivyo, na asiambiwe kwamba anafanya. Zaidi ya hayo, kwetu neno "tiba" likikaa karibu na "akili" huwaogofya wazazi. Jina la Mirembe, hospitali ya Dodoma inayowahudumia wagonjwa wa akili, limegeuzwa tusi la mitaani. Mzazi akisikia mwanawe yuko kwenye tiba, atamhamisha shule. Kwa kazi ya darasani na ya nyumbani napendekeza "sanaa ya kutuliza", na "tiba ya sanaa" tumwachie mtaalamu. Mtoto asiyelala vizuri kwa wiki kadhaa, anayejiumiza, au aliyeacha kabisa kucheza, karatasi ya kalenda haitamtosha. Mpeleke kituo cha afya.

Ombi langu ni kwa wenzangu mnaoandika miongozo ya walimu na wazazi, na kwa wanaosanifu istilahi kwenye mabaraza ya Kiswahili, BAKITA na BAKIZA: ondoeni "udhibiti wa hisia" kwenye maandishi ya watoto, mwandike "kujituliza" kwa afanyalo mtoto na "kutuliza" kwa afanyalo mtu mzima aliye kando yake. Kipeperushi changu kilishachapwa, lakini nakala ya yule mwalimu niliisahihisha kwa kalamu, ukurasa kwa ukurasa, kabla sijamrudishia.