Dakika 30 za Mashine ya Kukimbilia Zilitoka Wapi?

Ukiingia jimu saa 11 jioni, utaona hakuna kitu kinachogombewa kama mashine ya kukimbilia. Vyuma mnaweza kupokezana: wewe seti moja, mwenzako seti moja, mambo yanakwenda. Lakini ule mkanda unaozunguka ni wa mtu mmoja kwa wakati mmoja, na mara nyingi aliye juu yake ameziba masikio kwa muziki, hata ukimsalimia hakusikii. Ndiyo maana jimu nyingi hubandika karatasi ukutani: mwisho dakika 20, au mwisho dakika 30, wenzako wanasubiri.

Wapo wanaoiona karatasi hiyo kama ubahili wa mwenye jimu. "Nimelipa hela yangu, nipangiwe muda wa nini?" Hoja inaeleweka. Ila ukifuatilia mashine hii ilikotoka, utakuta imekuwa na sheria ya muda tangu inazaliwa, na ilizaliwa jela.

Lile jina la Kiingereza tunalolitamka tredimili maana yake ni kinu cha kukanyaga. Aliyekileta gerezani ni William Cubitt, mhandisi Mwingereza, mtoto wa msaga nafaka. Mwaka 1818 alibuni gurudumu kwa ajili ya gereza la Bury St Edmunds, baada ya kuona wafungwa wanakaa bure. Mwaka 1821 likajengwa kubwa zaidi gereza la Brixton, London. Piga picha ngazi iliyozungushiwa pipa kubwa lililolazwa. Wafungwa wanajipanga juu yake bega kwa bega, wameshika ubao, wanapanda. Kila wakipanda ngazi moja, gurudumu linazunguka na kuishusha. Brixton lilisaga nafaka. Kwenye magereza mengine halikusaga kitu chochote, lilizungushwa tu ili watu wachoke.

Sasa sikia hili. Hakuna binadamu anayeweza kupanda ngazi siku nzima bila kupumzika, kwa hiyo paliwekwa zamu. Wa mwisho upande mmoja anashuka, wote waliobaki wanasogea nafasi moja pembeni, na upande wa pili anapanda mtu mpya aliyekuwa amekaa. Foleni ilikuwa sehemu ya mashine yenyewe. Na kumbuka ilikuwa inamlinda nani: aliye juu. Bila zamu, gurudumu lingemmaliza.

Sheria ya Magereza ya Uingereza ya mwaka 1898 ilifungua njia ya kuyaondoa magurudumu hayo, na mwanzoni mwa karne ya 20 yakawa yamekwisha. Mashine iliporudi ilirudi hospitali. Miaka ya 1950 na 1960, kule Seattle, Marekani, daktari wa moyo Robert Bruce aliwatembeza wagonjwa wake juu ya mkanda unaoendeshwa na mota huku waya za kupima moyo zikiwa kifuani. Kipimo chake bado kinatumika duniani kote. Unaanza polepole, kilomita 2.7 kwa saa kwenye mwinuko wa asilimia 10, kisha kila baada ya dakika 3 kasi na mwinuko vinaongezwa mpaka ushindwe au daktari akuzuie. Hapa muda ndiyo majibu yenyewe, kwa sababu dakika ulizodumu humwambia daktari hali ya moyo wako.

Halafu mwaka 1968 daktari Kenneth Cooper akatoa kitabu kilichowafanya Wamarekani wengi waanze kukimbia. Mhandisi mmoja, William Staub, alikisoma, akatengeneza mashine rahisi ya kuweka nyumbani, akaiita PaceMaster 600. Wazo lake lilikuwa mtu akimbie hata kama nje kuna mvua au baridi. Mashine ya nyumbani haina foleni, kwa hiyo haikuhitaji karatasi ukutani. Ugomvi tunaoujua leo ulianza pale mashine iliyofikiriwa kwa ajili ya mtu mmoja nyumbani kwake ilipowekwa kwenye chumba cha watu hamsini. Sheria ya muda ikarudi, ila imegeuka: sasa inamlinda anayesubiri dhidi ya aliye juu.

Mbona 20 na 30, na si 45? Zinafanana na namba za wataalamu. Mwaka 1990 Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani kilipendekeza dakika 20 hadi 60 kwa zoezi moja, siku 3 hadi 5 kwa wiki. Mwaka 1995 wao na kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa wakasema dakika 30 za mwendo wa wastani, karibu kila siku, na kwamba unaweza kuzikusanya kidogo kidogo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2010 likasema dakika 150 kwa wiki, kila kipande kisipungue dakika 10. Mwaka 2020 likasema 150 hadi 300, na lile sharti la dakika 10 likaondolewa. Yaani kila kipande kinahesabika. Kwa hiyo yule anayesema "programu yangu ni dakika 45 mfululizo" kwa ajili ya afya ya kawaida, sayansi haimpi haki ya kung'ang'ania. Ashuke kwenye 30, amalizie 15 kwenye kamba. Anayejiandaa na mbio ndefu nitamwelewa, ila aje saa 4 asubuhi.

Tufanye hesabu ndogo. Chukua jimu yenye mashine mbili, iwe Musoma mjini au Bunda. Watu wanajaa kuanzia saa 11 jioni mpaka saa 1 usiku, saa mbili kamili, baada ya kazi na kabla ya chakula. Mashine mbili kwa dakika 120 ni dakika 240. Kila mtu akichukua saa nzima, wanahudumiwa wanne. Kwa dakika 30 ni wanane, kwa dakika 20 ni kumi na wawili. Na ukikuta mashine zote mbili zina watu waliopanda nyakati tofauti, huku wewe ukiwa wa kwanza kwenye foleni, kwa ukomo wa dakika 30 utasubiri wastani wa dakika 10 hivi. Ukomo ukiwa saa nzima, inakuwa 20. Hapo umeme haujakatika.

Utaniuliza, kwa nini wasikimbie barabarani tu? Swali zuri, hasa kwa mkoa huu. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha, na hakusubiri zamu ya mtu. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi kitaifa, na vikundi vya kukimbia vikaonekana barabarani alfajiri. Kijana mwenye miguu yake ana barabara, ana ufukwe wa ziwa. Lakini kuna mama anayetoka kazini giza linaingia na hawezi kukimbia peke yake pembeni ya malori ya barabara kuu ya Mwanza. Kuna mzee ambaye daktari amemwambia atembee kwa kasi isiyobadilika, mahali pasipo mashimo. Kwao mashine si anasa, ni mahali pekee. Kila dakika 20 za ziada za kijana mwenye nguvu zinatoka kwa watu kama hao, na wao ndio hukata tamaa mapema na kurudi nyumbani.

Kuna jambo lingine ambalo waandishi wa sheria za jimu za Ulaya hawalifikirii. Kwetu kumwambia mtu ashuke si kazi ndogo. Dada wa miaka 22 atamwambiaje mzee wa rika la baba yake kwamba muda wako umekwisha? Ataanza na "Shikamoo baba", ataitikiwa "Marahaba mwanangu, hujambo", ataulizwa habari za nyumbani, na baada ya hapo hana pa kuanzia. Karatasi ukutani inasema kile ambacho heshima inamzuia kusema. Kwa hiyo mwenye jimu, ibandike palepale mbele ya macho ya anayekimbia, siyo mlangoni. Iandike kwa Kiswahili. Na mkufunzi ndiye apige kelele "wa dakika 30 tubadilishane!", siyo mteja.

Limebaki suala la taulo. Mtu anaweka taulo juu ya mashine, anakwenda kunyanyua vyuma nusu saa, akirudi anakuta mwenzake yuko juu, anawaka. Hili halihitaji mtaalamu wa Marekani. Aliyewahi kupanga ndoo bombani analijua: ndoo inakushikia nafasi wakati bado wapo mbele yako. Zamu yako ikifika na haupo, ndoo inasogezwa pembeni, anayefuata anakinga.