Nani Alikuwepo Namugongo?

Kila mwaka ikikaribia tarehe 3 Juni, mahujaji wa huku kwetu Kanda ya Ziwa hufunga safari kwenda Namugongo, Uganda. Wanaimba, wanasali, wanakumbuka vijana waliouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga. Sasa hebu waulize: wafiadini wale walikuwa wangapi? Mkatoliki atakujibu 22. Mwanglikana atakujibu 23, na si wale wale wa Mkatoliki. Halafu atatokea Mwislamu aliyesoma historia, atawauliza wote wawili, "Mbona nyie mnaanzia 1886?"

Mimi ni mtoto wa Geita, nikasomea Shinyanga, na habari hii nimeisikia kwa pande zote. Kwa mama, ambaye ni Mkatoliki, hadithi ilikuwa ya Karoli Lwanga na wenzake. Kwa mjomba, Mwanglikana, ilianza na watoto watatu waliouawa Januari 1885, kabla hata ya Lwanga kukamatwa. Nilipokuwa mdogo nilidhani mmoja wao anadanganya. Si ndivyo tunavyofikiri wengi? Habari zikipishana, basi lazima pawe na mwongo. Nasema hapana, na nitaeleza.

Tuanze na yale ambayo hakuna anayeyabishia. Mutesa alifariki Oktoba 1884, Mwanga akarithi akiwa bado kijana. Januari 31, 1885 waliuawa wale watoto watatu wa misheni ya Kiingereza, yaani CMS. Oktoba 29 mwaka huo huo Askofu Hannington aliuawa Busoga. Novemba 15 akafuata Yosefu Mukasa, Mkatoliki aliyethubutu kumlaumu mfalme kwa damu ya askofu. Mei 1886 vijana wa ikulu walikamatwa Munyonyo, na Juni 3 kundi kubwa likachomwa moto Namugongo, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja. Mifupa ya hadithi ni hiyo. Ugomvi uko kwenye nyama.

Sababu ya kwanza: walioandika mapema hawakuwepo. Padre Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, aliwaona vijana wakipitishwa wamefungwa kamba pale Munyonyo. Mackay na Ashe wa CMS walikuwa kituoni kwao Natete. Hakuna Mzungu aliyesimama Namugongo kuuona ule moto. Barua zao zote zimeandikwa kwa masikio. Kila mmoja aliletewa habari na waumini wake, nao walilia kwanza kwa ajili ya ndugu zao. Hata mahali penyewe pako pawili: Lwanga alitengwa na wenzake akachomwa peke yake, mahali ambapo leo lipo kanisa kubwa la Wakatoliki. Wengine walichomwa mbele zaidi, na huko ndiko Waanglikana walikojenga lao. Ukisimama kwa huyu huoni kwa yule.

Hapa naomba tutazame lugha yetu. Kiswahili kinasema shahidi kwa mtu aliyeona jambo, na kinasema shahidi kwa mtu aliyekufa kwa ajili ya imani. Neno moja, watu wawili! Namugongo walitengana: aliyekufa hakusimulia, na aliyesimulia hakufa. Walikuwepo vijana watatu waliofunguliwa dakika za mwisho, mmoja wao Denis Kamyuka, na ushuhuda wake umebeba sehemu kubwa ya tunachokijua. Lakini Roma ilianzisha rasmi kesi ya kuwatangaza wenye heri mwaka 1912. Kutoka 1886 hadi hapo ni miaka 26. Kijana amekuwa mzee, ameisimulia habari ile mara mia, na mbele yake sasa kuna swali la mahakama ya Kanisa: je, walikufa kwa ajili ya imani? Swali ndilo linalochagua jibu. Mahakama ile haikukaa kuuliza habari za fitina za ikulu, wala za vijana wa madhehebu mengine.

Basi waliuawa kwa nini? Wamisionari walisema: kwa imani, na kwa kukataa tamaa mbaya za mfalme. Wanahistoria wa baadaye wakaongeza siasa. Mwaka 1885 Wajerumani walikuwa wanabeba nchi za pwani, na Hannington akaja kwa njia ya Busoga, ambayo Waganda waliiona kama mlango wa nyuma wa adui. Na hapo, vijana wenzangu, ndipo nchi yetu inapoingia. Mwaka 1882 Hannington alipita njia ya kusini, njia ya huku kwetu, akafika Msalala, jina ambalo leo limebebwa na halmashauri mkoani Shinyanga. Aliugua vibaya sana, ikabidi arudishwe Uingereza. Alipokuja tena akiwa askofu, akachagua njia fupi ya Umasaini. Njia hiyo ndiyo iliyomuua, na kifo chake kikaongeza hofu ya mfalme. Kwa hiyo mtu akisema "dini" amesema kweli, na akisema "siasa" amesema kweli. Mfalme aliyeogopa kunyang'anywa nchi aliona kijana asiyemtii ni msaliti. Kijana mwenyewe alijiona ni mwaminifu kwa mfalme mkubwa zaidi.

Hadithi zenyewe nazo zilipita huku huku kusini mwa ziwa. Mackay alitoka Buganda 1887 akaja kuishi Usambiro, akafia hapo Februari 8, 1890. Mwaka huo huo dada yake alichapisha kitabu cha maisha yake, na wasomaji wake wengi walikuwa wachangiaji wa misheni. Mapadre nao walikuwa na kituo chao Bukumbi, karibu na Mwanza, na barua zao zilikwenda Ufaransa. Vituo viwili, jirani kabisa, bahasha mbili, wasomaji wawili. Unadhani zingefanana?

Na baadaye madhehebu hayo yalipigana kwa bunduki, Januari 1892, pale Mengo. Waprotestanti wakashinda kwa msaada wa Lugard. Apolo Kagwa, aliyepigwa na Mwanga mwenyewe siku zile za 1886 akanusurika, alikuwa katikiro, na mwaka 1901 akatoa kitabu cha historia ya wafalme wa Buganda. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Kila upande ulihitaji damu yake ihesabiwe.

Waislamu je? Mnamo 1875 na 1876 Mutesa aliwaua vijana wa Kiislamu waliokataa kula nyama iliyochinjwa ikulu na kukataa kuswali nyuma ya mfalme asiyetahiriwa. Masimulizi yanataja kama 70, na Namugongo ni hapo hapo. Paulo wa Sita alipowatangaza wale 22 kuwa watakatifu, Oktoba 18, 1964, aliwataja pia Waanglikana waliokufa. Lilikuwa jambo jema. Lakini vijana wa Kiislamu wachache tu ndio wanaowajua. Hawakuwa na mtu wa kutuma barua Ulaya.

Hata Mwanga anabadilika kutegemea nani anasimulia. Alipopinduliwa 1888 alikimbilia kusini, akapokewa Bukumbi na mapadre wale wale ambao wanafunzi wao aliwachoma. Akarudi kwenye kiti 1889, akaja kufa uhamishoni Shelisheli mwaka 1903, amebatizwa Danieri, tena Mwanglikana! Dhalimu, mkimbizi, muumini: mtu ni yule yule.

Huku kwetu machimboni tunalijua jambo hili bila kwenda chuo. Duara likititia, aliyekuwa juu akivuta kamba ana habari yake. Aliyetolewa chini ana yake. Mwenye duara mbele ya polisi ana yake, na kwake idadi hupungua, maana kuna fidia. Mama ntilie yeye anahesabu sahani ambazo hazikuja kuchukuliwa jioni. Ningeambiwa nichague mmoja, ningeanza na mama ntilie, halafu ningewatafuta wengine wote.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kuandika, ukikuta masimulizi mawili yanagombana usikimbilie kuchana moja. Uliza: huyu alisimama wapi? Alisema lini? Alikuwa anamwambia nani, na alitaka apate nini? Halafu uliza swali gumu kuliko yote: nani hakuandikiwa barua? Mama na mjomba hawakudanganya. Kila mmoja alikuwa anazika wafu wake. Kazi ya mwandishi ni kuhesabu makaburi yote.