Tarikh Fupi ya Tiba ya Mkono

Kamati imenitaka niieleze kazi niliyoifanya hapa Uingereza hata nikastaafu, kwani wengi wenu hudhani kuwa nilikuwa nikikanda watu. Sikatai kuwa fani yetu ilianzia huko. Chama chetu kiliasisiwa mwaka 1894 na wauguzi wanne waliokuwa wakandaji, na mwaka 1920 kikapata hati ya kifalme. Lakini mimi sikushughulika ila na mkono, kuanzia begani hadi ncha za vidole, na tiba hiyo ina tarikh yake.

Shida kubwa ni kano. Kano zinazokunja vidole hupita ndani ya ala nyembamba, na hapo hutelezea. Zikikatwa na kisu au kioo, daktari huzishona. Ila kovu halichagui. Huunga kano kwa kano, na papo hapo huigandisha kano kwenye ala yake. Jeraha likapona, kidole kisikunjike tena. Ndiyo sababu Sterling Bunnell, daktari wa Kimarekani ambaye kitabu chake cha mwaka 1944 ni msingi wa upasuaji wa mkono, aliiogopa sehemu ya kutoka kiganjani hadi kiungo cha kati cha kidole, akaiita ardhi isiyo na mwenyewe. Kano iliyokatikia hapo, alisema, isishonwe. Ingojewe, kisha ipandikizwe nyingine.

Mwaka 1967 Harold Kleinert na wenzake wa Louisville, Marekani, walitoa taarifa iliyokwenda kinyume. Walishona hapo hapo, wakaweka banzi nyuma ya mkono (mabanzi wahazigi wetu waliyajua zamani), kisha wakafunga mpira kutoka kwenye ukucha hadi kwenye kifundo cha mkono. Mgonjwa hukinyosha kidole mwenyewe, na mpira hukikunja. Kwa hivyo kano huteleza kabla kovu halijaishika, wala haivutwi kwa nguvu ikakatika. Lakini nani atakayesimama na mgonjwa kila siku, amzuie asizidishe wala asipunguze? Hapo ndipo kazi yetu ilipopata nafasi. Wenzetu wa Marekani waliunda chama cha tiba ya mkono mwaka 1977, na sisi wa Uingereza mwaka 1984.

Miongoni mwa niliowatibu alikuwemo bibi mmoja wa pwani yetu, aliyekatwa na kioo kiganja cha kulia. Daktari alimpima vidole kwa digrii, akaridhika. Yeye hakuridhika. Alikuwa akila kwa kijiko, peke yake jikoni, wageni wasimwone akitumia mkono wa kushoto. Ilipotimia wiki ya nane nikamletea bakuli la wali kutoka nyumbani, nikamwambia, "Bibi, leo zoezi ni hili." Tonge la kwanza lilimwagika, na la pili. La tano lilifika kinywani. Kidole chake cha shahada hakikupata kukunjika kikamilifu, ila tangu siku ile alirudi kula sinianipamoja na watu wake.