Vifaru vya Kulima Karanga

Kila wiki kuna mtu Nyeri anageuza mashine. Huyu anatoa gea aweke haidroliki, yule anafunga injini ya pikipiki kwa mashine ya kukata nepia. Watu wanacheka: ati jua kali. Sawa, basi sikieni jua kali ya serikali ya Uingereza.

Baada ya Vita vya Pili, Uingereza haikuwa na mafuta ya kupikia ya kutosha. Plani ikawa kulima karanga Afrika, ekari zaidi ya milioni 3, hata Kenya ilikuwa kwa ramani. Kazi ikaanzia Kongwa, Tanganyika, 1947. Lakini matrekta hakuna. Kampuni ya Vickers ikachukua vifaru vya Sherman, ikang'oa mizinga, ikavigeuza matrekta. Jina? Wakaunganisha tu: Shervick. Bana, hiyo si jua kali ni nini? Tofauti ni bajeti, na suti.

Mimi hiyo idea siichekI hata kidogo. Kilichowamaliza ni Kongwa yenyewe. Mizizi ya vichaka ilipinda vyuma vya mashine. Mvua ikakataa. Na kiangazi kikishika, ule udongo wa mfinyanzi unakuwa simiti, karanga zimefungiwa chini. Wagogo walikuwa wameishi na hiyo ardhi miaka yote, wanafuga, wanapanda kidogo kidogo kulingana na mvua.

Januari 1951 London ikasalimu amri. Karibu pauni milioni 36 zimeenda, na karanga zilizovunwa hazikufikia hata zile walizonunua za mbegu.